Bunduki Huwa Nazishusha

Hakuwahi kuniambia nipunguze sauti. Angeniambia, ningepunguza, au ningenuna, na tungekuwa tumemalizana kama majirani wengine wanavyomalizana. Yeye alinyamaza, na mimi nikauchukua ule ukimya nikaufanya ruhusa.

Hapa mtaani Nsemulwa, mjini Mpanda, tunamwita Mtafsiri. Jina la kwenye kitambulisho analo, ila hata mkewe halitumii. Banda la video ninaloendesha leo lilikuwa lake, na nyumba anayoishi na mkewe imeegemeana na banda hilo, ukuta mmoja kwa wote. Jioni nikiwasha sabufa zangu, vikombe vyao vinagongana kabatini. Na mkewe, ambaye mtaa mzima tunamwita Bibi, ni mtu asiyestahimili mlio wa bunduki. Hilo nalijua kuliko mtu yeyote hapa mtaani, maana siku lilipojulikana nilikuwepo.

Vijana wanaokalia mabenchi ya banda siku hizi wanadhani Mtafsiri ni babu tu anayeota jua mlangoni. Wanampita na salamu ya kidole. Mimi nilikuwa nauza karanga pale mlangoni kwake miaka mingi, kwa hiyo mwenye kumsema ni mimi, hata kama sina uso wa kumsemea.

Watu hufikiri mtafsiri wa muvi ni mtu wa maneno. Huyu maneno hakuwa nayo mengi. Alikaa pembeni ya TV kwenye kiti cha kamba, maiki mkono wa kulia, mkono wa kushoto juu ya redio yake. Stelingi ataongea weee, atatoa na machozi, Mtafsiri anasema, "Anamwambia asiende," basi, imetoka hiyo. Kazi yake hasa ilikuwa ule mkono wa kushoto. Sauti ya muvi aliishusha chini kabisa, akaweka ya kwake. Alikuwa na kaseti, baadaye flashi, zenye vitu alivyorekodi mwenyewe: kwaya ya kanisa la Katumba alikokuwa akiimba mkewe kabla hawajahamia mjini, vigelegele vya harusi, ng'ombe wakirudi zizini, lori la mbao likipanda mlima, na mahindi yakitikiswa taratibu kwenye ungo yawe mvua.

Nilimuuliza siku moja kwa nini anajisumbua hivyo, wakati wenzake wanaacha muvi iongee yenyewe.

"Mama Neema," akasema, "ukisikia sauti za watu kutoka nyumba ya tatu, unakwenda kuchungulia ndiyo ujue kama ni harusi au msiba?"

"Hapana, Mzee. Najua hapohapo."

"Basi. Macho ni mgeni, yanashangaa tu. Sikio ndiye mwenyeji. Mimi naongea na mwenyeji."

Adui alipoingia kwenye picha, Mtafsiri aliweka kiboko. Alipanda gari mpaka Sitalike, akakaa karibu na daraja na kinasa sauti chake, akarudi na mikoromo ya viboko wa mto Katuma. Huku kwetu ilitutisha sana. Adui anashuka kwenye gari la kifahari, kavaa suti, anatabasamu, na chini yake kiboko anakoroma, unaona kabisa huyu mtu si mtu. Akajisifu, akaenda kuonyesha muvi ileile Sitalike kwenyewe. Adui akatokea, kiboko akakoroma, banda zima likaangua kicheko. Kwa watu wa pale kiboko ni jirani, wanamsikia kila siku. Kuna mzee mmoja alimfuata baadaye akamwambia kwamba wao hawaogopi viboko wakiongea, wanaogopa wakinyamaza, kwa sababu ukimya ule maana yake kuna kitu kinatembea. Mtafsiri alirudi Mpanda kama mwanafunzi aliyefeli akapewa majibu. Tangu hapo adui wake wabaya kabisa waliingia bila sauti yoyote, na mimi nikawa naacha kutafuna karanga zangu mwenyewe.

Wafugaji walimpenda kwa ajili ya ng'ombe. Siku za mnada, vijana wa Kisukuma wakishauza wanakuja na fimbo zao, wanazipanga mlangoni kwangu kama kuni. Kuna muvi ya jamaa mmoja aliyepotea jangwani, mchanga mtupu, hakuna hata mbuzi. Jamaa anatambaa, anakaribia kufa, Mtafsiri akaweka ng'ombe wakilia kwa mbali. Alitaka tuone kwamba mtu yule anakumbuka kwao. Mfugaji mmoja akainuka, akatoka nje, akachukua fimbo yake. Nikamuuliza anakwenda wapi na muvi haijaisha. Akasema ng'ombe wa nani hao wanalia hivyo, wana kiu. Akazunguka nyuma ya banda kuwatafuta. Tulimcheka mpaka basi, lakini Mtafsiri hakucheka. Alifurahi kimoyomoyo, nilimwona mdomo.

Muvi za mapenzi hakuzipenda. Alisema wazungu wanabusiana wakiwa na haraka kama watu wanaowahi basi. Lakini aliziweka, kwa sababu akina mama walizitaka, na kwenye mapenzi hakuweka gitaa wala kinanda. Aliweka mvua. "Mapenzi ya kweli huja mvua ikinyesha," alisema, "kwa sababu hakuna pa kwenda." Na mvua ya kweli ikishuka juu ya mabati yetu, alizima kila kitu, akakunja mikono, akasema kwenye maiki ambayo hakuna aliyeisikia kwamba huyo mpinzani hamwezi.

Hasara ya kulelewa kimuvi na mtu kama huyo niliijua binamu yangu alipokuja kutoka Tabora. Tukataja muvi fulani ya mzee na punda wake. Mimi nikaanza kucheka kabla sijasimulia. Binamu akanishangaa. Akasema ile muvi ni ya kulia, yule punda ndiye aliyebaki wa familia nzima, mwisho anakufa barabarani. Nikamwambia haiwezekani, sisi tulivunjika mbavu. Kumbe Mtafsiri aliiwekea zumari ya harusi tangu mwanzo mpaka mwisho, na punda alipolala akatuambia amechoka. Nilikwenda kumuuliza kwa hasira, maana nilijiona nimecheka kwenye kilio cha watu. Akanijibu kwamba wiki ile kulikuwa na misiba mitatu Nsemulwa, na alihesabu nyuso zilizoingia. "Kulia walishalia," akasema. Sikujua nimpe nini, nikampa karanga.

Mtu wa sauti, lakini nyumbani kwake hukusikia kitu. Bawaba za mlango alizipaka mafuta ya kula. Jogoo wake alimchinja kwa sababu ya kelele zake, akanunua mwingine, naye akachinjwa. Ila yeye mwenyewe akinywa uji unamsikia kutoka barabarani, na akipiga chafya mbwa wa mtaa wanajibu. Mkewe alimtania kwamba anafukuza makelele yote ili yake yapate nafasi. Walitaniana sana wale wawili. Yeye Mpimbwe wa kijiji cha Mamba, mkewe alizaliwa Burundi, akavuka na wazazi wake akiwa mtoto, na kila mmoja alimwambia mwenzake kwamba Kiswahili chako kibovu. Wote wawili kilikuwa kibovu. Jumapili Bibi alikwenda kanisani, Mtafsiri alimfuata na kinasa sauti, akisimama nje chini ya dirisha kwaya ikiimba. Padri akimuuliza kwa nini haingii, anasema ndani kuna mwangwi.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika.

Muvi za vita zilikuwa ndizo zinazoingiza watu, na Mtafsiri alizionyesha. Lakini bunduki zake hazikulia. Askari wanainua silaha, moto unatoka mdomoni mwa bunduki, watu wanaanguka, na wewe unasikia kwaya ya Katumba ikiimba polepole. Vijana walilalamika. Walisema mzee anaokoa betri, wengine wakasema spika zake zimepasuka, ana aibu. Mimi nilikuwa upande wa vijana. Nilisema, jamani, hii vita gani, kama ibada ya pasaka.

Jioni moja aliitwa nje. Mtu alikuja kumwuliza habari za flashi, wakasimama uchochoroni, na muvi ikaendelea bila mkono wake. Bibi akaingia wakati huohuo na chupa ya chai ya mumewe. Macho yake yalikuwa bado mazima. Muvi ikafika vitani na bunduki zikalia kwa sauti yote, ghafla, kwa mara ya kwanza katika banda lile. Bibi aliiachia chupa. Alijitupa chini, akamvuta mtoto aliyekuwa karibu, mtoto wa watu, wala hamjui, akamlalia juu, akamziba masikio kwa viganja vyake. Alibaki hivyo, uso sakafuni.

Banda likacheka. Walidhani ameteleza. Na mimi pale mlangoni, na sinia langu la karanga, nilicheka nao. Kicheko changu nakijua, ni kikubwa, kinasikika. Nilikuwa bado nacheka Mtafsiri aliponipita.

Hakukimbilia kwa mkewe kwanza. Alikwenda kwenye TV, akashusha sauti mpaka mwisho, akawasha redio yake, kwaya ikaanza. Ndipo akaja akakaa chini sakafuni karibu naye, kwenye chai iliyomwagika, akamwekea mkono mgongoni. Wakakaa mpaka wimbo ukaisha. Mtoto akatoka chini ya Bibi akirekebisha shati, akauliza kama muvi imeisha. Mtafsiri akatuambia, "Endeleeni." Hakuna maelezo aliyotoa siku ile wala siku nyingine. Kesho yake Bibi alipita kwangu kununua karanga, akasema sakafu ile inateleza, atamwambia mzee aimwagie mchanga. Nikasema ndiyo Bibi, inateleza.

Miaka ikaenda. Bibi akapoteza macho, kidogo kidogo, kisha yote. Mtafsiri akawa hawezi kumwacha jioni peke yake. Mimi wakati huo mume wangu alikuwa amekwenda machimboni na akasahau njia ya kurudi, nina watoto watatu. Mzee akaniita, akanikabidhi funguo za banda, TV, deki, waya, kila kitu.

"Na kodi, Mzee?"

"Ukivuna utatuletea unga."

"Na haya mabenchi nikulipe vipi?"

"Mabenchi yanawafuata wenye makalio."

Tukacheka. Nikawa nafunga mlango, akasema, kama mtu anayekumbusha kwamba bomba linavuja, "Bunduki huwa nazishusha." Hakusema nizishushe. Alisema yeye huwa anazishusha. Nikamjibu, "Sawa, Mzee."

Na nilizishusha. Msimu mzima nilikaa na mkono kwenye kitufe. Kisha likafunguliwa banda jingine karibu na soko, lenye sabufa mbili za kufika kifuani, na muvi zinazokuja zimeshatafsiriwa kutoka Dar, kelele juu ya kelele. Vijana wakahama. Mmoja wao alikuja kuniaga kwa adabu kabisa: "Mama Neema, usichukie. Kwako ni kama kuangalia muvi msibani." Benchi la mbele likawa tupu, la pili likawa tupu. Watoto wanataka viatu vya shule. Nikauza mbuzi, nikanunua sabufa, kubwa kuliko za sokoni.

Jioni ya kwanza banda lilijaa mpaka mlangoni, na bunduki zilipolia vijana wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeushika ule ukuta wa pamoja kwa kiganja. Ulikuwa unatetemeka. Nikasubiri kusikia mlango wa Mtafsiri ukifunguliwa, nikasahau kwamba mlango wake haulii. Hakuja. Wala kesho yake hakuja, na kesho kutwa nikajiambia kwamba Bibi ameshazeeka, amezoea, na asiyesema ameridhika. Nilijiambia na mengine. Mtu mwenye kosa hakosi maneno.

Mtu akikukosea unamkwepa, lakini ukimkosea wewe, utamkwepa mara mbili. Nikaacha kuingia kwao. Nikawa nawaamkia kwa sauti kupitia uani, haraka, kama mtu mwenye chungu jikoni. Unga nikawa namtuma Neema. Nikimwona Mtafsiri anaota jua mlangoni, nazunguka njia ya nyuma kuingia kwenye banda alilonipa mwenyewe. Na jioni nikawa nasikia, sauti za muvi zikipungua, kama wimbo upande wa pili. Nikadhani ni redio yao tu, wazee na redio zao.

Mwezi uliopita nilimtuma Neema na beseni la unga, akarudi nalo kichwani.

"Babu amesema uje mwenyewe."

Nilibadilisha kitenge, nikavua, nikavaa kilekile. Nilijua siku yangu imefika, na kusema kweli nilifarijika kidogo. Kugombezwa nilikutaka.

Bibi alikuwa kwenye mkeka anamenya karanga, vidole vikifanya kazi ya macho. Mtafsiri alikuwa kwenye kiti chake kilekile cha kamba, ameketi dirishani, dirisha la mbele lililo karibu na mlango wa banda langu. Redio ilikuwa kwenye ukingo wa dirisha, spika yake imegeuziwa ndani. Amekonda. Nikamwamkia, akaitikia, akanionyesha kigoda karibu naye. Akainama, akaongea chini ili mkewe asisikie.

"Leo jioni unaweka nini?"

Nikaona ndiyo yenyewe hii. "Ya vita, Mzee."

"Naijua?"

"Huijui, mpya."

"Hizo mpya ndizo zinazonisumbua." Akakuna kidevu. "Bunduki zinaanza wapi?"

Sikumwelewa.

"Niambie tu zinaanza wapi. Zile za zamani nazijua zote, naweka kwaya mapema, zikija zinanikuta. Hizi mpya wanapiga bila kubisha hodi. Juzi zimeniwahi. Amekaa chini ya meza mpaka asubuhi."

Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya redio. Ndipo nikaelewa ule wimbo niliokuwa nausikia ukutani. Kila jioni, tangu sabufa zangu ziingie, yule mzee alikuwa bado kazini. Alikuwa ananitafsiria muvi zangu, na mtazamaji wake alikuwa mmoja, tena asiyeona.

"Mzee," nikasema, nikasogeza kigoda karibu. "Mzee, kwa nini hukuniambia nishushe?"

"Ukishusha, vijana wanakwenda sokoni," akasema. "Una watoto watatu."

Hakusema kwa uchungu. Angesema kwa uchungu ningejua pa kuushika. Nimetukanwa na watu wengi katika maisha yangu, na hakuna aliyeniumiza kama huyu aliyenionea huruma. Nikaanza kumwambia kwamba nitaziuza, nitazirudisha, akanikata kwa kiganja kama alivyokuwa akituliza banda.

"Zinaanza wapi?"

Nikamweleza. Wanavuka mto, wanaongea, mmoja anacheka, kuna mbwa anabweka upande wa pili, halafu bunduki.

"Mbwa," akasema, uso ukamchangamka. "Vizuri sana. Mbwa akibweka, naweka."

"Huyo ni Mama Neema?" Bibi akauliza kutoka mkekani. Nikasogea, nikamwamkia kwa kupiga goti. "Marahaba, mwanangu. Umetupotea wewe." Alinitafuta mkono akaupata, akaushika kwa mikono yake miwili yenye vumbi la karanga. "Namwambia mzee kila siku akuite nikushukuru, hataki, eti una kazi. Hiyo kwaya mnayoweka hapo bandani jioni ni yetu, ya Katumba. Nasikia mpaka sauti yangu mle."

Nikamwangalia Mtafsiri. Alikuwa anaangalia redio yake.

"Na ngoma," Bibi akaendelea. "Kwaya yetu haikuwa na ngoma kabisa, padri alikataa. Nyie mmeiongeza. Nikiwa mtoto kwetu zilipigwa hivyohivyo, unazisikia ardhini kwanza, ndiyo zinakuja masikioni. Siku nyingine mzee anachelewa kufungua dirisha, nasikia vingine, vibaya. Lakini wimbo ukishaingia nasikia ngoma. Huyo mpigaji wenu ana mkono mzito, ila anajua. Ni nani?"

Nikakumbuka sabufa zangu, na ule ukuta ukitetemeka chini ya kiganja changu. Nilisubiri Mtafsiri anisaidie. Maisha yake yote alikuwa akiwawekea watu maneno, akabakiza haya kwa ajili yangu. Sikuwahi kuona aibu kama ile, na natumaini sitaiona tena.

"Ni mimi, Bibi," nikasema.

"Wewe mwenyewe?" Akacheka, akanipigapiga kiganja. "Urakoze." Ndiyo asante ya kwao. Kisha akanijaza karanga mkononi, mimi niliyewauzia karanga miaka yote ile, akaniambia nisiache.

Jioni nikafungua banda. Vijana wakajaa, wakavuka mto pamoja na wale askari, mmoja akacheka, mkono wangu ukiwa kwenye kitufe. Mbwa akabweka. Upande wa pili wa ukuta kwaya ikaanza, nami nikaiacha sauti palepale ilipokuwa, maana Bibi alikuwa ameshakaa anasubiri ngoma.